Damu ya Mtoto Mchanga na Damu ya Mtu Mzima

Natumaini kila mmoja ameketi na daftari lake na kalamu yake, na mwalimu wenu yupo karibu na ubao. Ninyi mtakaolisoma somo hili katika karatasi, badala ya kulisikia redioni, msiwe na haraka. Someni polepole. Mkikuta neno gumu, lipigieni mstari, kisha mliulize darasani.

Somo letu la leo lahusu damu. Lakini nataka tuanze na mtoto.

Hebu tumfikirie mama mmoja aliyejifungua mtoto wa kiume. Mtoto amezaliwa salama. Ananyonya vizuri, ananenepa, anacheka. Mwezi wa kwanza yu mzima, na wa pili, na wa tatu, na wa nne. Kisha, alipokaribia miezi saba, mama anaamka siku moja na kuona mikono na miguu ya mtoto imevimba. Akimgusa vidole, analia sana. Macho yake yameanza kuwa ya manjano. Mtoto hakuanguka, wala hakuumwa na mdudu. Majirani wanakuja kumtazama, na kila mtu ana neno lake. Mmoja anasema ni kijicho cha watu. Mwingine anamnong'oneza baba wa mtoto kwamba mama ameficha jambo la ukoo wake.

Sasa nawaulizeni swali. Kama mtoto huyu alizaliwa na ugonjwa, kwa nini alikuwa mzima miezi yote ile? Na kama hakuzaliwa nao, ugonjwa umetoka wapi?

Jibu lipo. Si katika kijicho, wala si katika siri ya mama. Jibu limo katika namna mwili unavyofungua na kufunga maagizo yake. Tutalifikia hatua kwa hatua.

Kila seli ina kitabu kizima

Mwili wa mtu umejengwa kwa vitu vidogo mno viitwavyo seli. Huwezi kuziona kwa macho matupu. Lazima utumie hadubini. Mtu mzima ana seli nyingi sana. Andikeni tarakimu 30, halafu ongezeni sufuri kumi na mbili. Idadi yake yakaribia hapo.

Ndani ya seli mna chumba kidogo kiitwacho kiini. Ndani ya kiini mna maagizo yote ya kuujenga mwili na kuuendesha. Maagizo hayo yameandikwa katika uzi mwembamba uitwao DNA. Ninyi mnajifunza kusoma kwa herufi nyingi, kuanzia a mpaka z. DNA ina herufi nne tu: A, C, G na T. Lakini kwa herufi hizo nne yameandikwa maneno mengi ajabu, kiasi cha herufi milioni elfu tatu. Tena kila seli ina nakala mbili za kitabu hiki, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Lishikeni neno hili la nakala mbili, maana tutalihitaji.

Agizo moja katika kitabu hicho huitwa jeni. Mtu ana jeni kiasi cha 20,000 za kutengeneza protini. Tulizoea kusikia kwamba protini ni chakula cha maharagwe, samaki na maziwa. Ni kweli. Lakini mwili ukiisha kula protini hizo huzivunja, kisha hutengeneza protini zake mwenyewe, za kazi nyingi: za kujenga misuli, za kusaga chakula, za kupigana na maradhi, na za kuchukua hewa katika damu.

Hapa yafaa mtu aulize: Kama kila seli ina kitabu kizima, kwa nini jicho si ini? Kwa nini ngozi haitengenezi maziwa?

Ni kwa sababu kuwa na kitabu si kusoma kila ukurasa. Tazameni darasa lenu. Pengine wote mna kitabu kimoja, lakini leo mmefungua ukurasa wa kumi na mbili tu; kurasa nyingine zimefungwa. Vivyo hivyo katika mwili. Seli ya ini hufungua kurasa za ini. Seli ya titi la mama hufungua kurasa za maziwa wakati wake ufikapo. Jeni ya damu imo hata ndani ya seli ya jicho, lakini humo imefungwa, nayo haisomwi.

Ukurasa hufungwaje? Uzi wa DNA umezungushwa juu ya protini maalumu, kama uzi uliozungushwa kwenye kigurudumu cha cherehani. Mahali ulipokazwa sana, maandishi yake hayasomeki. Mkeka uliokunjwa hauonyeshi nakshi zake mpaka uukunjue. Zipo protini ambazo kazi yake ni kukunjua mahali fulani ili pasomwe, na zipo nyingine za kukunja mahali fulani pasisomwe. Hizo tutaziita wasimamizi.

Kazi ya kutunga shanga

Ukurasa ukifunguliwa, kitabu chenyewe hakitoki chumbani. Hutolewa nakala ya ukurasa ule mmoja tu. Nakala hiyo huitwa RNA. Yatoka katika kiini na kwenda nje, ambako mna mafundi wadogo waitwao ribosomu.

Fundi huyu hufanya kazi kama mtu atungaye shanga. Husoma herufi tatu, na herufi tatu hizo zamwambia: weka shanga ya aina hii. Husoma tatu nyingine, huweka shanga ya pili. Aina za shanga ni 20, nazo huitwa asidi amino. Zikiisha kutungwa zote kwa mpango wake, mkufu hujikunja wenyewe, ukawa protini.

Basi mwili una njia nyingi za kuongoza kazi hii. Waweza kufungua ukurasa au kuufunga. Waweza kutoa nakala nyingi au chache. Waweza kuiharibu nakala mapema, au kuiacha idumu. Tena waweza kumzuia fundi asitunge, hata kama nakala iko mbele yake.

Tuone mambo haya katika damu. Wekundu wa damu watokana na protini iitwayo himoglobini. Kazi yake ni kuchukua oksijeni kutoka mapafuni na kuipeleka mwili mzima. Himoglobini moja ya mtu mzima ni mikufu minne iliyoshikana: miwili huitwa alfa, na miwili huitwa beta. Mkufu wa beta una shanga 146. Kila mkufu umeshika chembe moja ya madini ya chuma, na chuma hicho ndicho kinachoshika oksijeni.

Seli nyekundu za damu hutengenezwa katika uboho, yaani ile sehemu laini iliyo ndani ya mifupa. Uboho wa mtu mzima hutoa kiasi cha seli milioni mbili kila sekunde. Nani anayeuambia utoe ngapi? Ni figo. Oksijeni ikipungua, kama vile mtu anapohamia nchi ya milima mirefu, seli fulani za figo hufungua ukurasa wa protini iitwayo eritropoitini. Protini hiyo husafiri katika damu mpaka kwenye uboho, na kuuamuru uzidishe kazi. Wataalamu watatu walioeleza jinsi seli zinavyohisi oksijeni, William Kaelin, Peter Ratcliffe na Gregg Semenza, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Seli nyekundu ya mtu, ya ng'ombe au ya mbuzi, yaani ya wanyama wanyonyeshao, ikikaribia kukomaa hukitoa nje kiini chake. Kitabu chote chatupwa! Kuku hafanyi hivyo. Seli zake nyekundu hubaki na kiini. Sisi hutupa, na nafasi yote hujazwa himoglobini. Lakini kabla ya kukitupa kitabu, nakala nyingi za himoglobini zimekwisha kutolewa, nazo ni nakala zidumuzo. Kwa hiyo mafundi huendelea kutunga kwa siku moja au mbili zaidi, mpaka seli imejaa.

Na chuma kikikosekana? Mikufu isiyo na chuma huidhuru seli. Kwa sababu hiyo imo protini inayohisi upungufu huo, nayo huwasimamisha mafundi wasitunge. Nakala ipo, shanga zipo, lakini kazi imesimama. Ndipo mtu mwenye upungufu wa chuma huwa na seli ndogo zilizopauka, naye huchoka upesi. Ndiyo maana mama mjamzito hupewa vidonge vya chuma kliniki. Asivitupe uvunguni mwa kitanda.

Ukurasa wa mtoto na ukurasa wa mkubwa

Sasa turudi kwa mtoto wetu.

Mtoto aliye tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake huipata katika damu ya mama, kwa njia ya kondo. Kwa hiyo yampasa awe na himoglobini inayoshika oksijeni kwa nguvu zaidi kuliko ile ya mama, ili aweze kuivuta kwake. Basi kitabu kina ukurasa maalumu kwa ajili hiyo. Mahali pa mkufu wa beta, mtoto hutumia mkufu mwingine uitwao gama. Himoglobini yake ni alfa mbili na gama mbili.

Karibu na wakati wa kuzaliwa, mwili huanza kubadili kurasa. Ukurasa wa gama hufungwa kidogo kidogo, na ukurasa wa beta hufunguliwa kidogo kidogo. Mtoto afikapo miezi sita hivi, himoglobini yake nyingi ni ya kikubwa. Ukurasa wa gama haukung'olewa. Umo bado, hata ndani yako wewe msomaji, lakini umefungwa karibu kabisa. Mmoja wa wasimamizi waufungao ni protini ambayo jina lake laandikwa kwa herufi na tarakimu: BCL11A. Kazi yake katika damu ilionyeshwa wazi mwaka 2008.

Mabadiliko haya hutokea kwa kila mtoto, nasi hatuyaoni. Lakini itakuwaje kama ukurasa wa beta, ule unaofunguliwa baadaye, una kosa?

Herufi moja tu

Kosa lenyewe ni herufi moja. Katika ukurasa wa beta, pale panapoeleza shanga ya sita, mahali pa herufi A pameandikwa T. Fundi hana hatia, husoma alichoandikiwa. Huweka shanga ya aina nyingine, kisha huendelea na kazi yake mpaka shanga ya 146.

Ninyi mnaojifunza kuandika mwajua uzito wa herufi moja. Andika "kuku", badili herufi moja, uandike "kuki". Huna tena ndege wa kufuga.

Himoglobini yenye shanga ile ngeni hufanya kazi, lakini ikiisha kutoa oksijeni yake, hushikana na nyingine kama fimbo ndefu zilizofungwa pamoja. Fimbo hizo huisukuma seli, na seli iliyokuwa duara hupinda kama mundu wa kukatia majani. Ndipo ugonjwa ukaitwa selimundu. Seli hizo ngumu hukwama katika mishipa midogo. Damu isipopita, mtu huona maumivu makali, na vidole vya mtoto huvimba. Tena seli hizo hufa upesi. Seli nzima huishi siku 120 hivi. Hizi huishi pengine siku 10 au 20 tu. Ndipo mtoto hupungukiwa na damu, na macho yake huwa ya manjano.

Sasa jibu la swali letu laonekana. Mtoto alizaliwa na kosa, lakini kosa lilikuwa katika ukurasa ambao bado haujafunguliwa sawasawa. Katika miezi ya kwanza alikuwa akitumia ukurasa wa gama, nao hauna kosa. Ukurasa wa gama ulipofungwa na wa beta ulipofunguliwa, ugonjwa ukajitokeza. Hakuna mtu aliyekuja usiku. Kilichobadilika ni ukurasa.

Je, ni kosa la mama? Kumbukeni zile nakala mbili. Mtu mwenye nakala moja nzima na moja yenye kosa huwa kwa kawaida mzima kabisa, wala hajui kuwa anayo. Ili mtoto augue selimundu ya namna tuliyoieleza, lazima apokee nakala yenye kosa kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Wote wawili wamechangia, wala hakuna aliyetenda dhambi. Wazazi wawili wa namna hiyo wakipata mimba, bahati ya mtoto kuugua ni moja katika nne. Na kila mimba ni hesabu mpya. Usiseme, "Wa kwanza aliugua, basi watatu wanaofuata watakuwa salama." La! Kwa kila mtoto ni moja katika nne tena.

Labda utauliza kwa nini kosa hili limeenea sana kwetu Afrika. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, aliandika mwaka 1954, baada ya kuchunguza watu wa Afrika Mashariki, kwamba mwenye nakala moja tu ya kosa hukingwa kwa kiasi na malaria kali. Kwa vizazi vingi watoto wenye nakala moja walipona malaria, wakakua, wakazaa. Ndivyo kosa lilivyobaki mahali penye mbu. Lakini mwenye nakala mbili hana faida hiyo. Malaria humwua upesi.

Kuufungua tena ukurasa wa gama

Mwaka 1948, daktari wa watoto mjini New York, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye ugonjwa huu wana seli chache zilizopinda. Akafikiri kwamba himoglobini ya utotoni ndiyo inayowakinga. Alifikiri sawa. Na hapo ndipo wengine walipojiuliza: Kama ukurasa wa gama ungali umo, hatuwezi kuufungua tena?

Ipo dawa iitwayo haidroksiyurea. Miongoni mwa kazi zake, huifanya damu iwe na himoglobini ya utotoni nyingi zaidi. Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wazima wa selimundu mwaka 1998. Je, yafaa kwetu penye malaria? Watoto 606 walipewa dawa hiyo katika uchunguzi uliofanywa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2018. Vipindi vya maumivu vilipungua kwa zaidi ya nusu. Malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Dawa hii ni ya kunywa. Lakini hutolewa na daktari, naye hupima damu mara kwa mara. Usiinunue kwa kubahatisha.

Njia ya pili ni mpya. Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza iliruhusu tiba ya kukata DNA, na Marekani ikafuata mwezi wa Desemba. Seli za uboho za mgonjwa hutolewa nje, na sehemu ndogo ya DNA hukatwa. Sehemu hiyo ndiyo inayomwita msimamizi BCL11A kazini katika seli za damu. Mahali pengine mwilini msimamizi huyo huachwa, maana ana kazi nyingine zifaazo. Akikosekana katika damu, ukurasa wa gama hufunguka. Kosa la beta limebaki palepale, lakini mgonjwa ana himoglobini nyingine ya kumtegemeza. Tiba hii ilipoanza kuuzwa Marekani bei yake ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, tena yahitaji hospitali kubwa na dawa kali. Kwa wengi wetu bado ni habari ya mbali.

Yaliyo karibu ni haya. Mtoto apimwe damu mapema, kabla ya dalili, maana katika miezi ile ya gama tuna nafasi ya kujiandaa. Mtoto mwenye selimundu apewe dawa za kinga na chanjo kama alivyoagiza daktari, alale ndani ya chandarua, na anywe maji ya kutosha. Akipata homa, apelekwe hospitali siku ileile; asingojee kesho. Na asipewe vidonge vya chuma ila daktari amepima na kuona vinahitajika, kwa sababu kupungukiwa kwake na damu hakutokani na kukosa chuma.

Na yule mama? Mwambieni yaliyo kweli. Mwambieni mbele ya mumewe, na mbele ya mama mkwe pia akiwapo. Kisha wote wawili waende kupimwa, baba na mama, wakiwa pamoja.

Maneno ya kuandika daftarini: seli, kiini, jeni, nakala, protini, uboho, himoglobini, mundu.

Maswali ya kuzungumza darasani:

1. Jeni ya damu imo ndani ya seli ya jicho. Kwa nini jicho halitengenezi damu?
2. Kwa nini mtoto mwenye selimundu huwa mzima katika miezi ya kwanza?
3. Mtu akisema, "Ugonjwa huu watoka kwa ukoo wa mama," utamjibuje?
4. Jirani yako ana mtoto mwenye selimundu, na usiku huu ana homa. Utamshauri nini?

Andikeni jibu la swali la nne kwa sentensi tatu, kila mtu kwa mkono wake, mmpe mwalimu wenu juma lijalo. Haya, ndugu zangu, kwaherini.